Shehena ina faili hadi Goma, macho ya dereva hayana

RUBAVU – Kontena likiondoka bandari ya Mombasa kwenda Goma, habari zake hulitangulia. Kabla lori halijafika Malaba, maafisa wa forodha wanajua limebeba nini, mali ni ya nani na inakwenda wapi. Kufuli ya kielektroniki iliyofungwa mlangoni huonyesha lori lilipo, na dereva akichepuka njia, ofisi hupata taarifa papo hapo. Mfumo huu, unaojulikana kwa kifupi kama RECTS, ulianza 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda.

Dereva mwenyewe ni habari nyingine. Ikiwa ana ugonjwa wa macho wa muda mrefu, historia ya macho yake hubaki katika kliniki alikoanzia matibabu. Akivuka mpaka anakuwa mgonjwa mpya, anaulizwa upya, anapimwa upya, na mara nyingine anapewa dawa isiyomfaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mama anayeteremka kutoka Mudende na viazi vyake, akavuka Petite Barrière na kuuza Goma. Jioni anarudi nyumbani. Biashara yake iko pande mbili za mpaka, lakini karatasi zake za hospitali ziko upande mmoja tu.

Wengi watasema hayo ni mambo ya madaktari, si ya wasafirishaji. Lakini anayepoteza macho njiani ni dereva, na anayepoteza dereva ni mwenye lori. Tena, kama tutakavyoona, kanda hii imekwisha kuonyesha kwamba habari za afya za msafiri zinaweza kuvuka mpaka pale serikali zinapotaka.

Ugonjwa usiouma

Magonjwa ya macho ya muda mrefu ni mengi. Kuna madhara ya kisukari kwenye pazia la nyuma la jicho, ambalo madaktari huliita retina. Kuna pia presha ya macho, yaani glaukoma. Tuitazame zaidi hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri thamani ya kumbukumbu za mgonjwa.

Presha ya macho isichanganywe na presha ya damu. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yasipotoka vizuri, mgandamizo hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida huanza kupotea uwezo wa kuona pembeni, huku mbele kukiwa safi. Katika aina iliyozoeleka zaidi Afrika hakuna maumivu wala wekundu. Dereva anaona barabara vizuri, ila haoni pikipiki inayochomoza kando wala mtoto anayevuka karibu na soko la Mahoko.

Kilichopotea hakirudi. Matone, mwale wa leza na upasuaji huzuia uharibifu usiendelee, basi. Watu wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa huu zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na mwenye mzazi au ndugu aliyeupata yuko katika hatari kubwa zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Mgandamizo wa jicho hupimwa kwa milimita za zebaki, na kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Lakini namba moja peke yake haisemi mengi. Yupo mwenye 19 ambaye mshipa wake unaendelea kufa, na yupo mwenye 24 ambaye hajaharibika kitu. Daktari anachohitaji ni kulinganisha: namba ya leo na ya mwaka jana, picha ya mshipa ya leo na ya miaka 3 iliyopita. Asipokuwa na kumbukumbu za nyuma, anaanza upya kana kwamba ugonjwa umeanza leo.

Mfano wa Mudende

Mudende ni sekta ya wilaya ya Rubavu, kwenye nyanda za juu zinazotazama volkano, nchi ya ng'ombe wa maziwa na viazi. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa huko mwenye umri wa miaka 55. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inaweza kutokea.

Anaanzia kituo cha afya. Kati ya 2012 na 2017 Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation, ilifundisha wauguzi wa vituo vya afya kote nchini kupima macho, kutoa miwani na matone ya kawaida, na kuwapa rufaa wenye matatizo makubwa. Muuguzi anaona jicho moja limepungua nguvu. Kwa utaratibu wa bima ya mutuelle, anampa rufaa ya hospitali ya wilaya, ambayo kwa Rubavu ni Hospitali ya Gisenyi.

Huko mgandamizo unakutwa 32. Anaandikiwa matone. Baada ya miezi miwili umeshuka hadi 18. Dawa imefanya kazi.

Siku moja matone yanamwishia akiwa Goma. Anaingia kliniki iliyo karibu na soko. Anapimwa, inasomeka 18. Hana karatasi yoyote mkononi. Mhudumu anaona namba iko sawa, anamwambia macho yake hayana tatizo, labda ni vumbi tu. Mama anafurahi, anaacha matone. Baada ya mwaka mmoja jicho moja limekwenda.

Hapo hakuna aliyekosea kupima. Ile 18 ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni ile 32 ya mwanzo, iliyobaki Gisenyi.

Kuna hatari nyingine mbili. Moja ya dawa za presha ya macho zinazotumika sana, timolol, inaweza kumletea mwenye pumu shida kubwa ya kupumua. Kama faili halipo na mgonjwa hakuulizwa, tone la jicho linaweza kumpeleka kitandani. Ya pili ni matone ya kuondoa muwasho yanayouzwa madukani bila cheti cha daktari. Baadhi yana dawa za jamii ya steroidi, kama dexamethasone. Yakitumiwa kwa muda mrefu, yanaweza yenyewe kupandisha mgandamizo wa jicho. Dereva anayeyanunua kila kituo kwa sababu ya vumbi hana anayehesabu ameshamaliza chupa ngapi.

Karatasi haistahimili mpaka huu

Wapo wanaosema daftari la kliniki linatosha. Kwa mtu anayekaa mahali pamoja, huenda linatosha. Kwa mkoa huu, historia inasema vingine.

Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuteketeza sehemu kubwa ya maduka na nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulilipuka tena, na maelfu ya watu wakakimbilia Rubavu na Sake wakiwa na walichoweza kushika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ulivamia nyumba nyingi za Rubavu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na wapiganaji wa M23, na familia nyingi zikahama tena. Katika mkimbio wa namna hiyo, hakuna anayekumbuka daftari la macho.

Mpaka wenyewe pia hufungwa. Agosti 2019 ulifungwa kwa muda mfupi kwa hofu ya Ebola, na Machi 2020 ukafungwa kwa Covid-19. Mgonjwa anayetibiwa ng'ambo alijikuta amekatwa na daktari wake na faili lake kwa pamoja. Kama kumbukumbu zingekuwa za kielektroniki na zinafunguka pande zote mbili, angalau kliniki ya upande wake ingeendelea pale mwenzake alipoishia.

Mifano iko barabarani

Kinachoshangaza ni kwamba njia hii ya malori ni miongoni mwa mahali kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta zilikoanzia katika Afrika Mashariki. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu isiyolipiwa leseni, ambayo mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret na kisha Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, chini ya shirika la Partners In Health.

Walianza na wagonjwa wa Ukimwi na kifua kikuu, na sababu yake ni rahisi. Mgonjwa wa Ukimwi hurudi kliniki maisha yake yote. Asipofika tarehe yake, lazima mtu ajue na amtafute. Mgonjwa wa presha ya macho naye hurudi maisha yake yote, lakini macho hayakupewa uzito huo.

Hata hivyo, kazi imefanyika. Kitale, kaskazini mwa Eldoret, watafiti walilinganisha shule 50. Katika shule nusu walimu walipima macho ya watoto kwa simu yenye programu ya Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Katika shule nyingine utaratibu ulikuwa wa kawaida, wa karatasi. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa kati ya watoto waliopewa rufaa, asilimia 54 ya kundi la simu walifika hospitali, na asilimia 22 tu ya kundi la karatasi.

Nchini Rwanda, timu ya Dk. Ciku Mathenge wa Rwanda International Institute of Ophthalmology ilichapisha mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 275 wa kisukari waliohitaji rufaa ya macho. Wale ambao picha ya jicho ilisomwa na kompyuta na kupewa jibu papo hapo, asilimia 51.5 walikwenda kwa daktari. Waliosubiri jibu la msomaji binadamu kwa siku kadhaa, walikwenda asilimia 39.6.

Takwimu hizi zisomwe pande zote mbili. Mashine na ujumbe vilisaidia, hilo halina ubishi. Lakini hata hapo, karibu nusu ya waliohitaji daktari hawakufika. Kompyuta haimlipii mtu nauli, haimfungii duka lake kwa siku nzima, wala haiongezi daktari wa macho.

Kwa madereva wenyewe kuna mfano wa karibu zaidi. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa 2006 na Shirika la Chakula Duniani pamoja na kampuni ya usafirishaji ya TNT, lilifungua vituo vya afya kando ya barabara kuu, kama vile Mlolongo, Salgaa na Malaba. Lilitengeneza mfumo uitwao COMETS, uliomwezesha dereva aliyeandikishwa kituo kimoja kukutwa na kumbukumbu zake katika kituo kingine cha mtandao huo, hata kama ni nchi nyingine. Haukutengenezwa kwa ajili ya macho. Lakini ulionyesha kwamba faili linaweza kusafiri na dereva.

Somo la Covid-19

Mfano mkubwa kuliko yote uliletwa na dharura. Mwaka 2020 madereva walisota Malaba kwenye foleni ya kilomita nyingi wakisubiri majibu ya vipimo. Nchi moja haikukubali karatasi ya nchi nyingine. Bidhaa zilikwama, bei zikapanda, na wenye malori wakapiga kelele.

Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia shehena na madereva, RECDTS. Jibu la kipimo cha dereva likaingizwa kwenye mfumo, na nchi nyingine zikalisoma bila kudai karatasi. Ndani ya miezi michache, jambo lililosemwa haliwezekani likawezekana.

Tusijidanganye kuhusu sababu. Serikali zilifanya haraka kwa kuwa mzigo ulikuwa umesimama. Presha ya macho haisimamishi mzigo. Inamla dereva mmoja mmoja, kimya kimya, na siku anapoacha kazi nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Ndiyo maana hakuna anayepiga kelele.

Vikwazo vya kweli

Kuna mambo yanayohitaji majibu kabla ya mtu kudai faili lifunguke kila mahali.

La kwanza ni siri ya mgonjwa. Dereva ana haki ya kuogopa. Kama tajiri wake anaweza kufungua faili na kuona neno glaukoma, anaweza kumwachisha kazi hata kama macho yake bado yanafaa barabarani. Matokeo yake dereva atajificha, na ugonjwa utakuwa umeshinda. Njia ya haki ni kwamba mwajiri apate jibu moja tu: anafaa kuendesha au hafai kwa sasa. Namba na picha zibaki kati ya mgonjwa na daktari.

La pili ni sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Sheria ya Rwanda inataka kibali cha mamlaka husika kabla taarifa binafsi hazijahifadhiwa nje ya nchi. Kongo, ambayo ni mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Julai 2022, ina sheria yake ya mambo ya kidijitali ya 2023. Hakuna kliniki ya Gisenyi inayoweza kuamua peke yake kumtumia mwenzake wa Goma mafaili. Inahitaji makubaliano ya nchi na ridhaa ya mgonjwa.

La tatu ni utambulisho. Mtu mmoja ana kitambulisho cha taifa hospitalini, pasipoti safarini na jeton mpakani. Bila namba moja inayomtambulisha, mifumo miwili itaona watu wawili.

La nne ni lugha na vifaa. Rwanda imekuwa ikihamisha vituo vyake kutoka karatasi kwenda mfumo wa kitaifa wa e-Ubuzima, wakati kliniki nyingi za upande wa pili zinategemea daftari na umeme wa mashaka. Rwanda huandika zaidi kwa Kiingereza siku hizi, Goma kwa Kifaransa. Namba ya mgandamizo iliyoandikwa IOP upande mmoja, upande mwingine ni PIO. Jicho la kushoto ni LE au OS kwa hawa, na OG kwa wale. Ni kitu kile kile, lakini mhudumu aliyechoka anaweza kukosea jicho.

Nini kifanyike

Wakuu wa Jumuiya wana pa kuanzia. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Bujumbura, imekuwa na mpango wa afya ya kidijitali wa kanda uitwao Digital REACH. Vyama vya wasafirishaji na vya wafanyabiashara wadogo wa mpakani vinapokaa na mawaziri kuzungumzia ushuru na foleni, viulize pia swali hili: kama jibu la Covid-19 liliweza kusomeka nchi zote mwaka 2020, kwa nini ukurasa mmoja wa magonjwa ya kudumu usisomeke leo kwa idhini ya mwenyewe?

Ukurasa mmoja unatosha. Hakuna haja ya kuhamisha hospitali nzima. Kwa mgonjwa wa presha ya macho unahitaji mambo machache: jina la ugonjwa, mgandamizo wa kila jicho siku ulipogunduliwa, mgandamizo wa mara ya mwisho, hali ya mshipa wa jicho, dawa anazotumia, dawa asizopaswa kupewa, na tarehe ya kurudi.

Lakini msomaji asisubiri mawaziri. Ukurasa huo unaweza kuupata mwenyewe. Ukitoka kwa daktari wa macho, mwombe akuandikie mambo hayo. Mwombe aandike jina la dawa yenyewe, kama timolol au latanoprost, si jina la kiwandani peke yake, kwa sababu jina la kwenye boksi hubadilika ukivuka mpaka. Mweleze kama una pumu au matatizo ya moyo. Piga picha karatasi hiyo, na picha nyingine umtumie mtu wa nyumbani unayemwamini, maana simu hupotea kama karatasi. Kama ulipigwa picha ya mshipa wa jicho au kupimwa uwezo wa kuona pembeni, omba nakala.

Kwa madereva wa masafa marefu, chukueni matone ya kutosha safari nzima na siku za foleni juu yake. Latanoprost ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4 hadi 6 hata kama imebaki. Chupa iliyoachwa juu ya dashibodi kwenye jua la Voi haitegemewi tena. Na usiache matone kwa sababu kliniki ya ugenini imekuambia namba ni nzuri. Waonyeshe kwanza namba ya mwanzo.

Wenye malori nao wana sehemu yao. Lori lina tarehe ya ukaguzi, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inatambulika kutoka nchi hadi nchi. Dereva aliyefika miaka 40 naye apewe siku moja kwa mwaka ya kupima macho bila kukatwa posho. Siku hiyo itagharimu kidogo kuliko kontena moja lililopinduka kwenye kona za kuteremkia Rubavu.